Maswali ya Wasomaji: Verdejo na Viura katika Chupa Moja

Katika toleo lililopita niliutaja kwa mstari mmoja tu mvinyo mweupe wa Rueda, kutoka nyanda za juu za Castilla nchini Hispania, ule unaotengenezwa kwa zabibu mbili ziitwazo Verdejo na Viura. Mstari huo umeniletea barua nyingi kuliko makala nzima niliyoihangaikia. Nimechagua barua tano. Nimezifupisha, lakini maswali ni ya wenyewe.

Mhudumu wa mezani, Nungwi, Zanzibar: Assalamu alaykum, mhariri. Mimi ni Mwislamu na sinywi kileo, ila kazi yangu ni kuhudumia mezani katika hoteli ya ufukweni. Wageni wa Kihispania huagiza mvinyo mweupe ulioandikwa Rueda, na chini yake Verdejo–Viura, kisha huniuliza nawashauri wale nini. Tangu nianze kazi nimekuwa nikijibu kwamba mweupe ni wa samaki na mwekundu ni wa nyama. Juzi mzee mmoja alicheka akaniuliza, “Samaki yupi, kijana?” Sikuwa na jibu. Nisaidie niweze kusema la maana juu ya kitu ambacho sitakionja maishani.

Jibu: Wa alaykum salaam. Mzee huyo amekupa swali lililo bora kuliko kanuni uliyokuwa nayo, nami nakushauri uanze kulitumia wewe mwenyewe. Samaki yupi, na amepikwaje? Changu aliyechomwa juu ya makaa akakamuliwa ndimu, na changu mwenzake aliyezamishwa katika tui zito, ni vyakula viwili vya mbali mbele ya mvinyo, hata kama asubuhi walilala katika chano kimoja cha mchuuzi. Usimtazame samaki kwanza, tazama alichomwagiwa.

Kwa kuwa huonji, nitaueleza mvinyo huu kwa vitu ambavyo mdomo wako unavijua tayari. Verdejo hunukia majani makavu, shamari na ganda la ndimu lililokwaruzwa. Ikifika mdomoni huleta uchachu ule unaokufanya umeze mate unapoliona embe bichi likikatwa, na baada ya kumezwa hubakiza nyuma ya ulimi uchungu mdogo, kama wa ile nyama nyeupe iliyo chini ya ganda la balungi, au wa lozi iliyotafunwa pamoja na ngozi yake. Uchungu huo si kasoro, kwa kuwa ndio unaowafanya wanywaji wazoefu waitambue Verdejo hata bila kusoma chupa. Viura ni ya tabia nyingine: ni pole, ina harufu ya tufaha na maua, haina uchungu wa kutaja, na kazi yake humo ni kuupunguza ukali wa mwenzake ili mvinyo unyweke kwa wepesi. Kwa kawaida mchanganyiko huu huchachushwa katika matangi ya chuma kisichoshika kutu, haulazwi katika mapipa ya mwaloni, hauna sukari ya kuhisika, na kileo chake aghalabu huwa kati ya asilimia 12.5 na 13.5.

Sasa twende mezani. Uchachu wa mvinyo hufanya kazi ileile ya ndimu, yaani hukata mafuta na kuichangamsha chumvi. Kwa hiyo chakula chochote ambacho wewe mwenyewe, ukiwa nyumbani kwako, ungekikamulia ndimu bila kuulizwa, unaweza kumshauri mgeni bila hofu. Kamba waliokaangwa kwa kitunguu saumu wanafaa mno, na Mhispania atawatambua mara moja, kwa sababu kwao huletwa mezani ndani ya kibakuli cha udongo, mafuta ya zeituni bado yakitokota, vipande vya kitunguu saumu vimeanza kugeuka rangi ya kahawia kingoni, na katikati pana pilipili kavu moja. Ngisi wa kukaangwa kwa unga, kaa wa kuchemsha, chaza wabichi, na yule changu wa makaa hufuata njia hiyohiyo. Kachumbari yenye giligilani nyingi hupatana na harufu ya majani iliyomo katika Verdejo, mradi mpishi asiizamishe katika siki.

Pa kusita ni kwenye tui. Tui lina utamu wake, hasa likipikwa hadi litoe mafuta, na utamu wa chakula huufanya mvinyo usio na sukari uonekane mwembamba na mkali, kama chungwa ulilolila baada ya kulamba asali. Mgeni akishikilia pweza wa nazi, mpe, lakini usimwambie kwamba viwili hivyo vinapendana. Pilipili ni tatizo jingine, kwani kileo huuchochea moto wake, na mtu aliyeagiza mchuzi wa pilipili nyingi ataishia kuilaumu chupa kwa jambo lililotoka jikoni. Urojo usiutaje kabisa: ukwaju na embe bichi vina uchachu unaoupita ule wa mvinyo, na chakula kikiwa kichachu kuliko kilichomo katika glasi, kilichomo katika glasi hugeuka maji.

Kanuni yako ya zamani, hata hivyo, haikuwa upuuzi mtupu. Mwaka 2009 watafiti wa Kijapani walionyesha kwamba madini ya chuma yaliyomo katika mvinyo, ambayo mara nyingi huwa mengi zaidi katika mwekundu, huchangia ile shombo inayozuka mdomoni mtu anapokunywa huku akila vyakula vya baharini. Kwa samaki wa mafuta kama vibua na jodari, basi, ulikuwa ukisema kweli bila kujua sababu.

Na hili ni la kukuchangamsha kazini. Waarabu walitawala sehemu za Hispania kwa karne nyingi na kuacha maneno yao jikoni, kama walivyoyaacha kwetu pwani. Azafrán ya Mhispania ni zafarani yako, azúcar yake ni sukari yako, berenjena ni biringani, na aceite, yaani mafuta, imetokana na zayt, lililo jamaa wa zeituni. Mgeni akikuuliza wali umetiwa nini, itaje zafarani taratibu, na huenda akaelewa kabla hujatafuta tafsiri.

Mkulima wa zabibu, Dodoma: Ndugu mhariri, huku kwetu tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na nyeupe niliyopanda mimi ni Chenin Blanc. Najiuliza kwa nini Wahispania wachanganye aina mbili badala ya kukamua moja iliyo bora. Je, si ujanja wa kuirefusha zabibu ya bei kubwa kwa zabibu ya bei ndogo, kama muuza maziwa anayeongeza maji?

Jibu: Wasiwasi wako una chembe ya ukweli, nami sitauficha. Viura huzaa kwa wingi, na chupa ya mchanganyiko aghalabu huuzwa kwa bei ya chini kuliko chupa ya Verdejo tupu kutoka kwa mtengenezaji yuleyule. Lakini muuza maziwa hatangazi maji yake, ilhali mtengenezaji wa mvinyo aliyeandika majina ya zabibu amejifunga kisheria. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, chupa inayotaja aina moja tu ya zabibu lazima iwe na angalau asilimia 85 ya zabibu hiyo. Ikitaja aina mbili au zaidi, mvinyo wote lazima utokane na zile zilizotajwa, na majina yapangwe kuanzia iliyo nyingi kwenda iliyo chache. Hivyo ukisoma “Verdejo–Viura” umekwisha kujua mambo mawili: hakuna zabibu ya tatu iliyojificha humo, na Verdejo ndiyo iliyozidi. Kinachonichekesha ni kwamba ile chupa inayojivunia kuandikwa “Verdejo” peke yake inaruhusiwa kuwa na asilimia 15 ya zabibu nyingine bila kuitaja. Amua mwenyewe ni ipi iliyo msema kweli zaidi.

Zaidi ya bei, kuna sababu ya ladha. Verdejo tupu, hasa kutoka katika mizabibu ya miaka mingi, huweza kuwa nzito na chungu kiasi kwamba glasi ya pili huchosha. Mpishi wa pilau hachanganyi jira na mdalasini kwa sababu jira imemwishia, na hawa nao hawachanganyi kwa upungufu tu. Viura ndiyo zabibu nyeupe kuu ya eneo la Rioja. Huko Catalonia huitwa Macabeo, na ni mojawapo ya zabibu za mvinyo wa mapovu uitwao cava. Ni zabibu iliyozoea kuishi na wenzake, wala haigombei kusikika.

Historia ya Rueda itakuvutia wewe mkulima. Ni mji mdogo katika mkoa wa Valladolid, kusini mwa mto Duero, ulioipa jina lake ardhi yote ya mizabibu inayoenea hadi katika mikoa ya Segovia na Ávila. Zamani sifa yake haikuwa mvinyo mwepesi wa leo. Ilikuwa mvinyo wa rangi ya dhahabu, wenye kileo kikali, ulioachwa makusudi ukutane na hewa na kuwekwa juani katika madumu makubwa ya kioo. Baada ya mdudu filoksera kuiangamiza mizabibu ya Ulaya, wakulima wengi wa huko walipanda Palomino, zabibu ya Jerez yenye mavuno mengi, na Verdejo ikabaki katika vipande vya mashamba. Mageuzi yalikuja mwaka 1972, pale kampuni ya Marqués de Riscal, iliyokuwa na sifa ya mvinyo mwekundu wa Rioja, ilipotafuta mahali pa kutengenezea mvinyo mweupe ikaichagua Rueda. Miaka minane baadaye, mwaka 1980, Rueda ikawa eneo la kwanza katika Castilla y León kupewa hadhi ya jina la asili linalolindwa kisheria. Kwa maneno mengine, mvinyo huu unaoonekana wa kale, katika sura yake ya sasa, ni wa rika la wazazi wetu.

Simulizi ya huko husema Verdejo ilivuka kutoka Afrika Kaskazini katika karne ya 11. Vipimo vya vinasaba, hata hivyo, vimewataja wazazi wake kuwa Castellana Blanca na Savagnin, zabibu za Ulaya zote mbili, na undugu ambao tungeupenda umeponyoka.

Tofauti kubwa kati yako na mkulima wa Rueda ni usingizi wa mzabibu. Dodoma ipo juu kuliko Rueda, kiasi cha mita 1,100 kutoka usawa wa bahari dhidi ya mita 700 hadi 800 hivi za kwao, lakini wewe uko karibu na ikweta, mzabibu wako haulazwi na baridi, na ni mkasi wako wa kupogolea unaoamua msimu uanze lini. Kwao baridi kali huulaza mzabibu miezi mingi, kisha kiangazi huja na mchana wa moto na usiku wa ubaridi, na ni usiku huo unaohifadhi uchachu ndani ya tunda wakati mchana unajaza sukari. Mavuno ni mara moja, kuanzia Septemba, na sehemu kubwa hufanywa usiku kwa mashine zenye taa, kwa sababu maji ya Verdejo yakikutana na hewa katika joto hubadilika rangi haraka kama kiazi kilichomenywa na kusahauliwa. Kwa hiyo zabibu hufika kiwandani zikiwa baridi, nazo hukamuliwa kabla jua halijapanda. Kama kiwanda unachokiuzia kipo karibu, jaribu kuivuna Chenin Blanc yako kabla ya alfajiri msimu mmoja, ulinganishe maji yake na ya zile zilizovunwa saa sita mchana. Hakuna mashine inayohitajika, ila taa za kichwani na watu waliokubali kuamka mapema.

Mwanafunzi, Valladolid, Hispania: Shikamoo. Nimetoka Mombasa, niko mwaka wa pili masomoni hapa. Jumapili nilialikwa na familia ya rafiki yangu, nikapeleka chupa ya Rueda, nikidhani nimepatia kwa kuwa ni mvinyo wa mkoa huuhuu. Chakula kilikuwa mwanakondoo wa kuoka. Mama wa nyumba aliipokea kwa furaha, akaitia katika friji, na nyama ilipokuja ukaletwa mvinyo mwekundu. Chupa yangu sikuiona tena. Niliwakosea?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hukuwakosea hata kidogo, bali ulifika na chupa ya saa saba kwa chakula cha saa tisa. Kwa watu wa Valladolid, Jumapili ina mpangilio wake. Kwanza watu husimama, huzungumza, na kuonja vitu vidogo vya chumvi kabla hawajakaa, na hapo ndipo mahali pa Rueda. Ukiingia katika baa yoyote ya mji wako kabla ya chakula cha mchana utasikia mtu akiagiza “un verdejo” au “un rueda”, bila kutaja kampuni wala mwaka, kama sisi tunavyosema “nipe chai”. Wakikaa na nyama ikafika, huhamia mwekundu wa Ribera del Duero, unaotoka kandokando ya mto uleule. Mama huyo aliihifadhi chupa yako kwa wakati wake. Huenda waliinywa jioni kwa jibini.

Mwanakondoo uliyepewa huenda alikuwa lechazo, yaani anayenyonya bado, asiyezidi siku 35, anayeokwa katika sahani ya udongo ndani ya tanuri la kuni kwa maji na chumvi, na pengine mafuta kidogo, mpaka ngozi ikatike kwa kugongwa na uma. Nyama yake ni nyeupe na laini kuliko mbuzi yeyote wa nyama choma niliyewahi kumla, na nathubutu kusema, ingawa wenyeji wako watanikasirikia, kwamba si lazima iandamane na mwekundu mzito. Kipande chake kilichopoa, kikaliwa kesho yake kwa saladi ya majani na glasi ya Rueda, ni chakula ambacho siwezi kukikataa. Lakini mgeni hafundishi wenyeji Jumapili yao, kwa hiyo waachie mwekundu wao.

Safari ijayo uliza mapema kitakachoanza. Kama ni asparagasi nyeupe, na mkoani mwako zile za Tudela de Duero zinasifiwa sana, peleka Rueda bila kusita. Asparagasi ina kemikali za salfa zinazouharibu mvinyo mwingi na kuupa ladha ya sarafu iliyorambwa, lakini mvinyo mweupe wenye harufu ya majani na usiopitia mapipa huivumilia vizuri. Kama ni kimanda cha viazi, kile cha kukatwa pembetatu, kinafaa pia, kwa maana mayai na mafuta ya zeituni huufunika ulimi na uchachu huusafisha. Jibini la maziwa ya kondoo la mkoani mwako linapatana na mchanganyiko huu likiwa changa au la miezi michache, ila lile gumu la mwaka mzima, linalouma ulimi, liachie mwekundu.

Kuna chakula kimoja ambacho wewe wa Mombasa utakielewa kuliko wanafunzi wenzako wa Kizungu. Castilla iko mbali na bahari, na kabla ya reli samaki walifika kwa nyumbu, wakiwa wamekaushwa na kutiwa chumvi, kama papa mkavu anavyofika bara. Hao ndio bacalao. Wapo wanaowapika kwa kitunguu saumu kwa mtindo uitwao ajoarriero, jina linalowakumbuka wale waendesha nyumbu. Chumvi inayobaki katika nyama ya samaki huyo, hata baada ya kulowekwa usiku kucha, huufanya uchachu wa mvinyo uonekane laini na harufu yake ifunguke. Mkinialika mimi, pikeni hicho.

Tahadhari moja: ndege au samaki waliohifadhiwa kwa siki, ambao Wahispania huwaita escabeche, hukumbwa na tatizo lilelile nililomweleza mhudumu wa Nungwi juu ya urojo.

Msomaji, Nairobi: Nilinunua chupa mbili za Verdejo–Viura. Moja ilikaa wiki mbili katika friji, na nilipoifungua nikaona chini vipande vidogo ving'aavyo, kama chumvi ya mawe. Muuzaji alisema ni sukari, jirani akasema ni vigae vya chupa, nami nikamwaga yote. Ya pili bado ninayo. Naomba unieleze pia ubaridi unaofaa, kwa sababu kila mtu ananiambia lake.

Jibu: Umemwaga mvinyo mzima, pole sana. Vipande hivyo si sukari wala si kioo. Ni chumvi ya asidi ya tartari, asidi iliyomo katika kila zabibu, ambayo hushikana na potasiamu na kuganda mvinyo unapopoa sana kwa muda mrefu. Unga wake ukisafishwa ndio ile krimu ya tartari ambayo waokaji huitia katika ute wa yai ili usimame. Viwanda vingi huupoza mvinyo karibu na kuganda kabla ya kuutia chupani ili chumvi hiyo ibaki tangini, lakini si vyote, na hata vilivyofanya hivyo haviwezi kuahidi kwamba friji yako haitatoa chache zaidi. Ukitaka kuthibitisha, weka kipande kimoja katika kijiko cha maji ya moto. Chumvi hii huyeyuka, kioo hakiyeyuki. Ukishahakikisha, acha chupa isimame wima saa kadhaa, umimine polepole, na usimimine kidole cha mwisho.

Kuhusu ubaridi, nyuzi 7 hadi 10 za Selsiasi zinatosha. Friji ya nyumbani aghalabu huwa karibu na nyuzi 4, kwa hiyo chupa iliyolala humo tangu jana itoe dakika 15 hivi kabla ya kula. Ukiinywa moja kwa moja, baridi huiua harufu na kinachobaki ni uchachu na ule uchungu, na utadhani umeuziwa dawa. Chupa iliyokuwa kabatini haihitaji kutiwa katika friza na kusahauliwa humo hadi ipasuke. Itie katika ndoo yenye barafu nusu na maji nusu, nyunyizia konzi ya chumvi, na baada ya dakika 20 itakuwa tayari, kwa maana maji huigusa chupa pande zote ilhali barafu tupu huigusa hapa na pale. Barafu ndani ya glasi ni hiari ya mnywaji, ingawa mimi nikiiona hugeuza uso. Glasi ishikwe kwa mguu wake, na isijazwe zaidi ya theluthi moja. Mkono wa moto na glasi iliyojaa hadi ukingoni, katika joto la mchana, huugeuza mvinyo huu kuwa juisi iliyolala ndani ya dakika kumi.

Chupa iliyofunguliwa irudishiwe kifuniko na kuwekwa katika friji, nayo itakufaa siku mbili au tatu. Siku ya nne itumie kupikia kome au kuku.

Msomaji, Mwanza: Nina chupa ya Rueda, Verdejo–Viura, ya mavuno ya 2015, niliyopewa zawadi ya harusi. Nimeitunza juu ya kabati la vyombo nikisubiri siku kubwa, kwa kuwa nasikia mvinyo hupendeza kadiri unavyozeeka. Mwezi ujao tunafanya sherehe, na chakula kitakuwa sato wa kukaanga. Naweza kuifungua siku hiyo?

Jibu: Ifungue leo, si siku ya sherehe, na uimimine katika glasi safi karibu na dirisha. Mchanganyiko mwepesi wa namna hii hutengenezwa unywewe katika mwaka wake wa kwanza au wa pili, na juu ya kabati, katika joto la Mwanza, umri huo hupungua zaidi. Ukiwa na rangi ya majani makavu yenye kijani kwa mbali, nitashangaa nami nitakupongeza. Ukiwa na rangi ya chai na harufu ya tufaha lililochubuka, umekwisha: hautakudhuru, lakini hautakufurahisha. Ule mvinyo wa dhahabu wa Rueda niliomweleza mkulima wa Dodoma huzeeshwa kwa makusudi, tena ukiwa na kileo kingi zaidi. Wako umezeeka peke yake.

Kwa sherehe, sato wa kukaanga aliyepakwa chumvi, akakauka ngozi vizuri na kuletwa na ndimu pembeni, anaufaa mvinyo huu kuliko samaki wengi wa hotelini. Nunua chupa ambayo mavuno yake ni ya mwaka jana au juzi. Chupa moja ya mililita 750 hutoa glasi tano za kawaida, kwa hiyo hesabu wanywaji wako na uwaombe wapishi mchuzi wa pilipili wauweke kwenye kibakuli cha pembeni.